Futa Ng'ombe

Siku serikali ilipomtangaza Ombui kuwa tajiri, Ombui alikuwa amekalia ndoo iliyopinduliwa, akisugua kiboko wa jiwe kwa msasa. Suruali yake ilikuwa imegeuka nyeupe kwa vumbi, na kiatu chake cha kushoto kilikuwa kimefungwa kwa waya. Habari ililetwa na binti yake, Phanice, aliyeshuka mbio mpaka machimboni na simu mkononi, akasimama mbele yake akihema.

"Wamejibu, Tata. Wametuweka bendi ya tano."

"Kati ya bendi ngapi?"

"Tano."

Ombui akamweka kiboko chini polepole. "Tano kati ya tano!" akawapigia kelele wachongaji wenzake. "Mmesikia? Mtoto wangu amepata tano kati ya tano!"

Wachongaji wa mji wa Tabaka si watu wa kumnyima mwenzao furaha. Waliacha patasi zao, wakaja kumpa mkono, na mmoja akauliza soda iko wapi. Phanice alingoja makelele yaishe, kisha akaeleza kwa sauti ndogo kwamba bendi si mtihani. Bendi ya kwanza ni ya familia zisizojiweza, na hao serikali huwalipia karo karibu yote. Ya tano ni ya matajiri. Wa bendi ya tano hujilipia wenyewe, na kwa kozi ya umeme aliyoitiwa chuoni, hiyo ilikuwa shilingi elfu sitini na saba kwa mwaka. Asiporipoti katika muda wa wiki tano, nafasi yake ingepewa mtu mwingine.

Mikono ya pongezi ikarudi mifukoni. "Kumbe wewe ni tajiri, Ombui," mmoja akasema, na wote wakakitazama kile kiatu.

Utajiri huo Ombui alikuwa amejipa mwenyewe. Fomu ya kuomba fedha za masomo ilijazwa katika saiba ya sokoni, kwenye kompyuta ya kukodi, Phanice akibonyeza na baba yake akijibu, na Ombui aliyajibu maswali ya kompyuta kama mwanamume wa Kigusii anavyowajibu wakwe waliokuja kuangalia boma. Kazi ya mzazi? "Andika muuzaji wa bidhaa nje ya nchi," maana dalali wa vinyago alikuwa amemwonyesha picha ya kiboko wake dirishani mwa duka huko Ujerumani. Mapato kwa mwezi? Akautaja mwezi mmoja wa Desemba, dalali aliponunua kila kitu pamoja na vilivyovunjika masikio. Ardhi? Ekari saba. Phanice alipojaribu kumkumbusha kwamba ekari saba zilikuwa za babu na wajukuu ni kumi na tisa, akamwambia, "Chuo kikisikia sisi ni watu wa shida kitaogopa. Nani hupokea mtu anayekuja akilia?"

Ombui si mwongo, na atakayemwita hivyo atakuwa amemwonea. Ni vile tu kwamba katika miaka yake hamsini na mitatu hakuna aliyewahi kumuuliza swali ambalo jibu lake zuri ni kusema huna.

Mkewe, Gladys, aliisikia habari hiyo akichambua mboga ya chinsaga. Hakumgombeza. Aliuliza tu, "Dalali hununua kiboko mdogo pesa ngapi siku hizi?"

"Hamsini."

"Phanice, piga hesabu."

Phanice akapiga. "Ni viboko elfu moja, mia tatu na arobaini."

"Hata ziwani hawako wengi hivyo," Gladys akasema, akaendelea na mboga zake. Kisha akaongeza, "Kuuliza si ujinga. Kesho uende huko chuoni ukaulize."

*

Ofisi ya maslahi ya wanafunzi ilikuwa na meza mbili. Ya kwanza ilikuwa ya Madam Valarie Akong'o, mama wa makamo kutoka upande wa ziwa, aliyekuwa amesikia vilio vya kila aina na bado anasikiliza. Ya pili ilikuwa ya karani wa fedha, Geoffrey Onyiego, kijana wa Kigusii kutoka Keumbu aliyependa kujifanya hasikii. Phanice alipanga foleni tangu saa mbili asubuhi na zamu yake ikafika saa saba.

Madam Valarie aliifungua fomu kwenye kompyuta, akaisoma, akamtazama msichana, akaisoma tena.

"Baba yako anauza bidhaa nje ya nchi?"

"Anachonga viboko, madam."

"Na hii shamba ya ekari saba?"

"Ni ya babu. Tuko wajukuu kumi na tisa."

Madam Valarie akavua miwani. "Nani alijaza hii fomu?"

"Ni mimi. Lakini majibu ni ya baba."

Kule meza ya pili Onyiego akakohoa kikohozi ambacho hakikuwa na homa. Madam Valarie hakucheka. Alimweleza Phanice kwamba kuna rufaa. Alete barua ya chifu, alete barua ya kanisa, halafu yeye mwenyewe atakuja nyumbani aone. Siku ya rufaa yao ingekuwa Jumatano ya wiki iliyofuata, na baada ya hapo hakuna nyingine.

"Na usikie vizuri, mama," akamwambia. "Mimi huandika kile nimeona. Nikiona yale umeniambia, nitaandika. Nikiona yale baba yako alisema, pia nitaandika. Sawa?"

"Sawa, madam," Phanice akasema, akarudi nyumbani moyo mweupe. Kwao hapakuwa na kitu cha kuonekana, na kwa mara ya kwanza maishani jambo hilo lilimpa raha.

*

Barua ya kanisa ilipatikana kwa dakika kumi, kwa sababu mchungaji aliwajua. Barua ya naibu chifu ilikuwa na gharama yake.

Ofisi ilikuwa imejaa watu wa vitambulisho, watu wa mipaka ya mashamba na mzee mmoja wa kesi ya mbuzi. Naibu chifu Ratemo alikuwa mtu mwema mwenye koo la kipaza sauti. Alitoka mlangoni akitazama daftari.

"Ile barua ya umaskini ni ya nani?"

Ombui akaangalia dari.

"Ombui! Si ni wewe?"

"Ni barua ya chuo, afande."

"Ya chuo ya kuonyesha nini?"

"Ya kuonyesha hali."

"Hali gani? Mimi lazima niandike hali gani."

Wa vitambulisho walinyamaza. Hata mzee wa mbuzi aligeuka. Ombui alisogea mpaka karibu na sikio la naibu chifu, akasema neno lake kwa pumzi zaidi ya sauti. "Hamjiwezi?" Ratemo akarudia kwa wema wake wote, mpaka waliokuwa nje wakasikia. "Basi hiyo ni barua rahisi! Ingia."

Ombui alirudi kwa njia ya chini, ya migombani, asikutane na watu. Alimkabidhi Gladys barua bila kuiangalia. "Nimesema mara moja," akamwambia. "Usinifanye niseme tena." Gladys alimwonea huruma. Alijua ni afadhali mumewe angetumwa kubeba jiwe la kilo mia.

*

Jumatano Phanice alitoka mapema kwenda kuwangojea wageni barabarani, kwa sababu gari la chuo lisingeijua njia. Kabla ya kutoka alimwambia mama yake, "Wanakuja kuona vile tunaishi. Msihangaike." Gladys aliitikia vizuri sana. Alikuwa hajasikia neno lolote baada ya "wanakuja".

Sasa lazima isemwe jinsi watu wa mlima ule wanavyopokea wageni. Mgeni akiingia nyumba moja, ameingia zote. Mwenye kochi hutoa kochi, mwenye chupa ya chai hutoa chupa, na mwezi ujao zamu ikigeuka vitu vinahama tena kuelekea boma jingine. Gladys mwenyewe alikuwa ametoa sufuria yake kubwa kwenye posa nne na mazishi yasiyohesabika. Kwa hiyo aliposema tu uani kwamba wakubwa wa chuo wanakuja kwa sababu ya karo ya Phanice, saa moja haikwisha kabla vitu havijaanza kufika. Nyangate, mjane wa boma la pili, alileta kochi la watu watatu pamoja na vitambaa vyeupe alivyofuma mwenyewe, na meza pia. Akina mama wa chama cha Dorkas wakatoa vikombe vya kanisa. Lavender, bibi harusi mpya wa boma la juu, akaja ameikumbatia runinga kama mtoto mgonjwa.

"Lakini sisi hatuna stima," Gladys akamwambia.

"Si ya kuangalia, mama. Ni ya kuonekana."

Mwisho akaja Mose na ng'ombe wake wa gredi, akamfunga hatua tano kutoka mlangoni, akamchania majani. "Boma la wageni bila ng'ombe," akasema, "linafanana na la mtu aliyehama."

Msomaji atauliza kama hakuna hata mmoja aliyefikiri. Walifikiri sana. Walifikiri chai itoshe, walifikiri kuku aive, walifikiri mgeni wa upande wa ziwa huenda akataka samaki na samaki hakuna. Ombui alivaa suti yake ya Sabato, akasimama katikati ya sebule yake mpya, na kwa mara ya kwanza tangu siku ya naibu chifu akahisi kifua kinapanuka. Mgeni njoo, mwenyeji apone, wahenga walisema, naye alikuwa amepona kabisa.

Phanice alifika saa tano akiwaongoza Madam Valarie na Onyiego. Alipopinda kona ya mwisho akamwona ng'ombe. Akasimama. Halafu akaliona kochi kupitia mlango uliofunguliwa wazi.

"Karibuni! Karibuni sana!" Ombui alikuwa ameshatoka, mikono yote miwili mbele. "Bwakire, madam! Ingieni, kaeni kwa kochi!"

Waliketi kwenye kochi. Chai ikaja, kisha ugali wa wimbi, kisha kuku na chinsaga. Gladys alipiga magoti kidogo kila alipoongeza kitu mezani, na kupitia dirisha nyuso za Nyangate na Lavender zilitazama kama kila kitu kinakwenda sawa. Madam Valarie alikula kwa adabu, akasifu mboga, akanawa. Kisha akafungua faili mapajani.

"Ng'ombe wa gredi, mmoja," akasema huku akiandika. "Anatoa lita ngapi, mzee?"

"Kumi na tano," Ombui akajibu kabla hajajizuia, kwa maana ndivyo Mose husema siku zote.

"Kwa siku?"

"Kwa siku."

"Kochi la watu watatu. Runinga moja." Kalamu ilikuwa ikienda. "Meza ya kisasa."

Kijiko kilimponyoka Gladys. Ndipo alipoelewa. Alimtazama mumewe. Ombui naye alikuwa ameelewa, pengine mapema kidogo, lakini tabasamu lake lilikuwa limegoma kuondoka, limebaki pale peke yake bila mwenyewe. Onyiego aliinua kikombe kumalizia chai, akaona chini yake maandishi ya rangi nyekundu: DORKAS 7. Alikuwa Msabato na mwana wa Msabato. Alikirudisha kikombe kwa upole, akanyamaza, kwa sababu mambo ya nyumba husemwa na mwenye nyumba.

Na hapo ndipo ugumu ulipokuwa. Phanice hangeweza kusema. Mtoto hamvui baba yake nguo mbele ya wageni. Gladys hangeweza, kwa sababu hiyo hiyo. Majirani walikuwa nje, na vitu walikuwa wamevitoa kwa moyo, wavidai vipi? Alikuwepo mtu mmoja tu wa kusema, naye alikuwa ameshaapa hatasema tena.

Madam Valarie akafunga faili. "Basi. Nimeona. Asanteni sana kwa chakula, Mungu awabariki."

Akasimama. Onyiego akasimama polepole zaidi. Phanice aliinama, akaanza kukusanya vyombo mezani, kimoja juu ya kingine, kwa utulivu wa mtu aliyekwisha kujiona machimboni akiosha mawe ya watu kwa siku zote zilizobaki. Ombui aliuona ule mgongo ulioinama. Moyo wake ukauma mpaka tabasamu likaanguka.

"Madam," akasema. "Futa ng'ombe."

"Nini?"

"Huyo ng'ombe. Futa."

"Nimfute kwa nini? Si nimemwona?"

"Umemwona. Ni wa Mose."

Kule nje Mose akaitikia kwa sauti, "Ni kweli, madam! Ni wangu tangu akiwa ndama!"

"Futa kochi," Ombui akaendelea. Sauti ilikuwa ikitetemeka lakini ilikuwa inatoka. "Kochi ni ya Nyangate. Meza pia ni ya Nyangate."

"Na vitambaa nilifuma mimi!" Nyangate akasema dirishani. Hakutaka vitambaa visahaulike.

"Runinga ni ya Lavender."

"Bwanangu hata hajui kama imetoka," Lavender akasema. "Nitashukuru mkimaliza mapema."

"Vikombe ni vya kanisa. Hii suti ni yangu, lakini nilioa nayo. Hizo ekari ni za baba yangu, na zangu ni vile unaona kutoka mlango mpaka kwa ile migomba. Mwezi mwingine napata elfu nne. Mwezi mwingine dalali hafiki kabisa, na hapo ni Gladys hulisha sisi kwa vibarua vya majani chai huko Nyamira." Akanyoosha koti. "Hatujiwezi, madam. Niandike hivyo. Hatujiwezi kabisa."

Kuku mmoja wa jirani aliingia mlangoni, akaona hali, akatoka.

"Na yule kuku tumekula?" Madam Valarie akauliza.

"Huyo alikuwa wetu," Gladys akasema. "Alikuwa."

Madam Valarie aliketi tena. Uso wake ulikuwa mkali, na Phanice alishikilia sahani kifuani akingoja hukumu.

"Mzee Ombui, nimefanya hii kazi miaka kumi na moja. Nimeona watu wakificha ng'ombe. Mimi nakuja, ng'ombe wanahamishwa kwa jirani, watoto wanavalishwa matambara, kuna mtu aliwahi kung'oa mabati ya jikoni. Lakini sijawahi kuona mtu anaazima ng'ombe ili nimnyime pesa!"

Alijaribu kuendelea kuwa mkali na akashindwa. Kicheko kilimtoka tumboni, kikubwa, cha kupiga mapaja, na Onyiego ambaye alikuwa amejibana tangu DORKAS 7 akapasuka naye. Nyangate akacheka dirishani, Mose akacheka kwa ng'ombe wake. Ombui aliwatazama wote kwa mshangao, hajui kama amepona au amekufa, mpaka Gladys alipomshika mkono naye akaanza kucheka, machozi yakimtiririka kwenye kola ya suti.

"Haikuwa kudanganya, madam," akasema. "Ilikuwa heshima."

"Najua. Kwetu kulikuwa na kitanda cha wageni kilizunguka boma nne. Mimi mwenyewe niliolewa nikidhani ni cha mama mkwe wangu." Alijifuta macho kwa leso. "Lakini nilisema huandika kile nimeona, na mpaka sasa nimeona mali ya watu. Toeni kila kitu si chenu. Mimi nangoja."

Basi ikawa kazi. Waliingia wenyewe wenye vitu, wakavibeba huku wakitaniana, na Onyiego akavua koti akashika upande mmoja wa kochi. Meza ilipoondoka, sahani za kuku zilibaki mikononi mwa watu, wakalazimika kuzimaliza wima. Runinga ilipita mlangoni kwa shangwe. Mose alipomfungua ng'ombe, ng'ombe alikataa kuacha majani, na ikabidi asukumwe na watu watatu. Mwisho wa yote sebuleni palibaki benchi moja, vigoda viwili, kalenda ya kanisa, na sanduku la viboko ambao hawajamalizika.

Madam Valarie akaketi kwenye benchi, akachora mstari mrefu juu ya ukurasa wa kwanza, akafungua mwingine. "Benchi moja," akasema, akaandika. Kisha akamwita Phanice akae kando yake, akaanza kumuuliza upya tangu swali la kwanza. Ombui alisimama mlangoni, na kila swali alilijibu kwa sauti ya kusikika mpaka boma la juu.

*

Jibu lilikuja siku kumi baadaye. Phanice alishuka tena machimboni na simu, na safari hii wachongaji waliacha patasi mapema.

"Bendi ya kwanza, Tata."

"Ya kwanza!" Ombui akaruka kutoka kwenye ndoo yake. "Wamenishusha mpaka chini kabisa!"

"Pole sana, ndugu," akasema mmoja ambaye hakuwepo siku ile.

"Pole ya nini? Nipe mkono!"

Habari ilipanda mlima kabla yake. Gladys alipiga vigelegele, Nyangate akavipokea, na jioni mtu na mkewe wa boma la tatu walikuja kuuliza kwa siri jinsi mtu anavyoweza kutambuliwa na serikali kuwa hana. Ombui aliwakaribisha kwenye benchi, akawafafanulia rufaa kwa kirefu kama wakili wa miaka mingi.

Siku ya kuripoti, majirani walitaka kumsindikiza Phanice wote. Barua ilisema mzazi au mlezi, kwa hiyo wakaenda watatu tu, yeye na wazazi wake, na ndoo, na godoro la Nyangate ambalo safari hii halikuwa la kuazima. Kwenye meza ya pili Onyiego aliwatambua, akainuka kuwasalimu kwa Ekegusii, akatoa karatasi yenye mistari mitatu. Ombui aliivuta karibu.

"Nieleze hii polepole," akasema. "Sitaki kujibu haraka tena."

"Huu mstari wa kwanza, elfu arobaini na saba, ni udhamini wa serikali. Hiyo hairudishwi."

"Hairudishwi hata Phanice akiwa mkubwa?"

"Hata akiwa mkubwa. Wa pili, elfu kumi na tano na mia tano, ni mkopo. Huo ni wa Phanice mwenyewe. Akimaliza akapata kazi, analipa kidogo kidogo."

"Umesikia?" Ombui akamuuliza bintiye.

"Nimesikia, Tata."

"Na huu wa tatu? Elfu nne na mia tano?"

Onyiego alisita. Alikuwa ameona wazazi wengi wakinywea kwenye mstari huo. "Huo ni mchango wa familia, mzee. Ni lazima uwepo. Lakini mnaweza kulipa polepole mpaka mwisho wa muhula, hakuna mtu atamfukuza."

Ombui akaukazia macho mstari ule. Gladys alimtazama kwa pembe ya jicho, akiogopa kwamba neno la naibu chifu limemrudia. Foleni ya wazazi nyuma yao ilisogea na kupumua.

"Ni yangu hiyo?" Ombui akauliza.

"Ni yako."

"Serikali haiwezi kuilipa?"

"Haiwezi. Ni ya baba na mama peke yao."

Uso wa Ombui ukafunguka wote. Aliingiza mkono ndani ya koti la suti, akatoa leso iliyofungwa vifundo viwili, na ndani yake palikuwa na elfu mbili na mia tatu alizokusanya kwa kusugua viboko tangu siku ya Madam Valarie, akidhani zitakuwa za nauli na viatu. Alizihesabu mezani, noti kwa noti na sarafu kwa sarafu, bila aibu na bila haraka, na wa foleni wakamngoja.

"Andika hizi leo. Zingine nitaleta Oktoba."

Onyiego aliandika. "Risiti hutoka kwa jina la mwanafunzi," akasema.

"Basi weka langu kando. Hata kwa kalamu."

Onyiego aliitazama risiti, akamtazama mzee, akachukua kalamu akaandika pembeni kwa herufi za kusomeka: *Imelipwa na Ombui, baba yake*. Akapiga mhuri juu ya yote mawili.

Ombui aliisoma mara mbili. Kisha akampa Phanice ile karatasi ya mistari mitatu, lakini risiti akabaki nayo, akamwonyesha mlango wa darasa la umeme ambako wenzake walikuwa wameanza kuingia.

"Nenda mama," akamwambia. "Umelipiwa na serikali, na mimi."